Uso wa Digna Pembeni mwa Altare

Nusu ya mji wa Mechelen ilikuwa imekaa mbele ya brashi ya mchoraji mzee Lieven: mapadri, mahakimu na wake zao wenye shingo za kiburi. Lakini binti yake Digna, mzee alimchora mara moja tu, tena kwa sababu Rombout, mume wa Digna, ndiye aliyelitolea kanisa picha ya altare. Desturi ni desturi: mtoaji na mkewe huchorwa wamepiga magoti pembeni, wakimtazama Bikira. Mwaka uliofuata Digna alifariki kwa uzazi, na kichanga naye hakukaa.

Kabla matanga hayajapoa vizuri, Rombout akaingia karakana, kofia mkononi.

"Baba mkwe, nimeoa."

"Kengele nilizisikia. Mimi si kiziwi."

"Sasa Kateline kila akija misa anamkuta marehemu amepiga magoti kando yangu. Watu wanamcheka. Nataka umchore yeye pale."

"Juu ya mwanangu?"

"Usipotaka, yuko yule mchoraji wa mji wa Ghent. Ila yeye huparua kwanza rangi ya zamani kwa kisu."

Kisu! Mzee alihisi kinapita mbavuni mwake mwenyewe. Akakubali, maana afadhali Digna afunikwe na mkono uliomlea.

Mkewe Maaike alimwekea supu ya njegere, lakini mzee hakuigusa.

"Mchore kwanza Digna kwenye karatasi, hata kwa mkaa," Maaike alimsihi. "Ndipo umfunike."

"Nachora wafu wa watu kwa kumbukumbu, nije nimsahau wangu?"

"Haya, bwana mjuzi. Majivuno yako yatatuua."

Kazi ilichukua siku tatu pale kanisani. Kateline alikuwa mpole, akamletea mzee hata mto wa kukalia, na hilo lilimuuma zaidi, kwa kuwa hakupata wa kumchukia.

"Mikono niiweke vipi, baba?"

"Mikono ipo tayari."

Ile ya Digna hakuigusa. Alianza na paji la uso, akashuka hadi kidevu, na macho akayaacha mwisho. Alipoyapaka, mwanawe akatoweka.

Alifika nyumbani akachukua mkaa na karatasi hata koti hajavua. "Njoo uone, mke wangu. Huyu hapa mtoto wetu."

Mkono ukaenda wenyewe. Maaike akainama kutazama, kisha akarudi nyuma.

"Lieven, huyo ni Kateline."

Mzee akaichana karatasi. Akachora tena, akachana tena. Kila karatasi ilimrudishia bibi harusi yuleyule.

"Nisaidie, Maaike. Pua yake ilikuwaje?"

Maaike alikuwa analia. "Kama yako, mume wangu. Tulikuwa tunamtania kwayo."

Lieven akaishika pua yake kwa vidole vyeusi vya mkaa, akaipapasa kama kipofu, na bado hakumwona.