Kona ya Tatu

Saa tisa alasiri ukumbi wa michezo ya video hauna watu. Bi Swichi, mwangalizi wake, alifuta vioo akianza na mashine ya vigari. Ni vigari vya kuchezea vinavyokimbia ndani ya mfereji. Havina breki. Kuna kitufe kimoja cha mafuta, na ukichelewa kukiachia, kigari kinaruka nje kwenye kona. Tangu wiki ya mazishi yake, kile chekundu kilikuwa kikiendeshwa na marehemu kaka yake Bi Swichi, aliyekuwa dereva wa lori la saruji.

Mjane wa marehemu akaingia, akavuta stuli.

“Wifi, amepita?”

“Mara nne. Zote kaangukia kona ya tatu.”

Mumewe alionekana vizuri tu, mdogo kama punje ya njugu, kiwiko nje ya dirisha kama kawaida yake. Kwenye kona akakanyaga breki. Akakanyaga tena, wapi! Kigari kikabingirika, kisha kikarudi kwenye mstari wa kuanzia. Ndivyo lilivyokwenda lori siku aliyokufa. Breki zile alikuwa amemlalamikia mkuu wa gereji mara tatu, na bado barua ya kampuni ikasema ajali ilitokana na uzembe wa dereva. Shuleni binti yao aliitwa mtoto wa mzembe. Hilo lilimuuma mjane kuliko kaburi lenyewe, na hakutaka kingine ila neno lile lifutwe.

Akamwomba mkuu wa gereji aje atazame. Mzee wa watu akaja Alhamisi, kofia mkononi. Alimtambua dereva wake mara moja, akampungia, marehemu naye akampungia. Akaiona ile kona mara kumi na moja. Machozi yakamlengalenga, maana si mtu mbaya. Bi Swichi akamletea maji.

“Mzee, umeuona mguu wake?” mjane akauliza.

“Nimeuona, mwanangu. Anakanyaga.”

“Basi waandikie kampuni.”

Akanywa maji yote kwanza.

“Nikiandika kwamba alikanyaga, wataniuliza mimi nilikuwa wapi.”

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Akatoa pole, akamuaga na marehemu kwa heshima zote, akaenda zake kazini. Barua haikubadilika hata nukta.

Mjane akabaki mbele ya kioo. Kigari kilikuwa kinaikaribia kona.

“Kanyaga, mume wangu,” akamwambia. “Mimi nakuona.”