Wanawake Watano Ndani ya Leso

Tangu jicho lake la kushoto litolewe, Monicah alikuwa mtu wa jikoni. Madaktari walisema saratani imekwisha, wakampa jicho la bandia, zuri tu, ila halikujua kugeuka pamoja na mwenzake. Basi akakiteremsha kioo ukutani, akaacha kwenda kanisani, na chai ya wageni akamwachia bintiye Tabby, maana yeye sasa aliimimina kando ya kikombe. Huyu ndiye aliyesifiwa macho eneo zima la Tetu.

Na msifu mkuu alikuwa mumewe. Gicheru hakukosa wageni wa kuwaambia, "Ni macho ya huyu mama ilinishika." Tangu upasuaji, neno hilo hakulirudia. Alinyamaza kwa huruma, maskini, lakini ukimya wake ulimuuma Monicah kuliko kidonda. Alijua hapendwi tena.

Siku ya ruracio ya Tabby, sherehe ya kutoa mahari, wakwe walifika, na desturi ikafuatwa: bibi harusi afunikwe gubigubi kwa leso pamoja na wanawake wengine, bwana harusi amtambue, akikosea, faini ya mbuzi inamhusu. Shangazi Wakonyo, ambaye hajawahi kubisha hodi maishani, akaingia jikoni na leso mkononi.

"Kuja tuchanganye huyu kijana. Huko ndani nani ataona jicho?"

Neno hilo ndilo lililomtoa. Ndani ya leso Monicah akawa msichana tena, uani kwa baba yake siku ya ruracio yake, wenzake wakizuia kicheko, na viatu vya Gicheru vikija moja kwa moja hadi kwake. Jinsi alivyoitamani siku ile!

Kinyua, bwana harusi, akapita mara mbili mbele ya wale wanawake watano, akamshika Tabby. Vigelegele vikapasuka. Kisha viatu vingine vikaja vikasimama mbele ya Monicah.

"Na huyu ni wangu," Gicheru akasema.

Wazee wakacheka. "Umejuaje?" Monicah akanong'ona.

"Umekanyaga mguu moja na ingine. Vile ulikuwa unafanya kwa baba yako."

"Ulikuwa unasema ni macho."

"Hiyo ilikuwa ya kufurahisha wageni. Hata siku hiyo macho yalikuwa yamefunikwa, na si nilikujua?"

Monicah akaivua leso mwenyewe, mbele ya wakwe wote, akaomba apewe birika. Alianza na mumewe. Chai ikaenda kando, na Gicheru, bila kukatiza mazungumzo yake na wazee, akasogeza kikombe pale ilipokuwa ikianguka.