Ushuhuda wa Madame Noëlla

Mvua ilipoanza kupiga mabati, Noëlla alijua kwamba somo limekufa. Aliendelea kulifundisha hata hivyo.

"Saba mara tatu!"

Watoto wa mbele walijibu. Wa katikati walitazama mdomo wake wakibahatisha. Wa nyuma, waliokaa chini kwa sababu madawati yalikuwa yameisha, hawakusikia kitu, wakaanza kusukumana. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya mia. Zamani lilikuwa na nusu yao. Kisha masomo yakawa bure, wazazi wa kilima chote wakaleta watoto wao, na kwa jambo hilo Noëlla alimshukuru Mungu. Baadaye mwalimu wa 3B akaenda Kamituga kutafuta dhahabu, hakurudi, na watoto wake wote wakahamishiwa 3A, kwa Noëlla. Kwa jambo hilo la pili hakujua amshukuru nani.

Akapaza sauti tena. Kitu kikachanika kooni. Akaweka kitambaa mdomoni, akakohoa, akakitazama. Palikuwa na doa jekundu, dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Akakikunja haraka.

Ukuta wa kati ulikuwa wa mbao, na nyuma yake Idrissa alifundisha darasa la nne. Aligonga.

"Noëlla! Batoto bako banauana huko! Uko?"

Noëlla aligonga mara mbili kumjibu: niko.

"Basi nyamaza. Miye nitapiga kelele ju yetu bote wawili." Idrissa alikuwa mtoto wa wafanyabiashara wa Uvira, baba yake alitaka auze vitenge pale soko la Nyawera, na sauti ya soko haikuwahi kumtoka. "Darasa la tatu! Mikono kichwani!"

Pande zote mbili za mbao mikono ilipanda vichwani. Noëlla akaegemea ubao, akapumua.

Jumamosi iliyopita daktari mmoja wa Ibanda alikuwa amemwingiza mpira mwembamba puani, wenye taa, akamwonyesha kwenye kioo vinundu viwili vilivyoota kwenye nyuzi za sauti yake. "Mama, hii sauti iko inakufa," alisema. "Ukae mwezi muzima bila kusema. Hata kunong'ona, hapana. Ukiendelea na ile darasa yako, itaenda, na haitarudi." Akaandika karatasi ya mapumziko. Ilibaki saini ya mkuu wa shule tu. Tangu siku hiyo Noëlla aliisali rozari moyoni, midomo imefungwa, na katika kwaya ya parokia alikaa kwenye benchi la nyuma pamoja na wasioimba.

Watoto walipotoka, alikwenda ofisini.

Papa Ezéchiel, mkuu wa shule, alikuwa amepanda juu ya kiti akitundika kitambaa cheupe cha semina kilichoandikwa kwa herufi kubwa: MWALIMU ASIUNGUE NDANI. Hakushuka.

"Ni weye, Maman Noëlla? Shika hapa."

Akampa ncha moja ya kitambaa. Noëlla akaishika kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akamwinulia karatasi ya daktari. Mkuu wa shule aliisoma kutoka juu ya kiti, msumari mdomoni.

"Mwezi muzima?" Akautoa msumari. "Na batoto mia nitabaweka wapi? Kwa mufuko?"

"Idrissa anasema tufungue mbao, abachukue bote," alisema Noëlla. Sauti yake ilitoka kama mlango uliokauka.

"Idrissa anasemaka mingi. Vuta kidogo, iko inapinda." Akapiga msumari. "Sikia, maman. Ukibakia kwako bila saini yangu, inspekta akipita nitamuandikia nini? Déserteur. Ile neno unaijua. Na kiti yako, batu banaingojea inje pale, tena na diplôme kubwa kuliko yako."

Aliijua. Elodie wa darasa la kwanza alijifungua kwa kupasuliwa, akachelewa kurudi kwa juma moja. Aliporudi alimkuta mpwa wa mkuu wa shule amesimama mbele ya ubao wake, na jina la Elodie lilikuwa limekwisha kupelekwa juu kama la mtoro wa kazi.

Papa Ezéchiel akashuka, akafuta mikono kwenye suruali. Sasa sauti yake ilikuwa laini.

"Miye si munyama. Jumamosi bageni banakuja, ba lile shirika la kule Muhumba. Banatufundisha namna ya kukaa na furaha kwa kazi. Banatafuta mwalimu wa zamani atoe ushuhuda, namna gani amefundisha miaka yote bila kuchoka. Bakipenda, tunaingia kwa mradi: madawati, mabati mupya, na walimu ba kuongeza. Hapa nani ni wa zamani kuliko weye?"

Noëlla aliikunja karatasi.

"Dakika tano tu. Useme vizuri. Bakitoka, nasaini. Nakuapia mbele ya Mungu."

"Niseme sijachoka?"

"Sema unapenda batoto. Ile ni uongo?"

"Hapana."

"Basi."

Siku zilizofuata alifundisha kwa chaki na vidole. Idrissa alimsubiri langoni kila jioni, wakashuka kilima pamoja, yeye akisema, Noëlla akitikisa kichwa.

"Baambie ukweli. Bageni bako na masikio."

Kichwa: hapana.

"Unaogopa ile saini. Sawa, hata miye ningeogopa. Lakini Noëlla, yule mutu ameapa mara ngapi hapa kwetu? Ameapa choo itajengwa. Mpaka leo tunaenda kwa majirani kama wezi."

Alitaka kucheka, koo likamkataza. Usiku akapiga magoti kando ya kitanda. Mungu wangu, alisema bila kufungua mdomo, niachilie dakika tano za uongo, nami nitakupa mwezi mzima wa kimya. Akangoja kama atasikia kitu rohoni. Alisikia mbwa wa jirani.

Jumamosi walimu walibanwa kwenye madawati ya watoto wa darasa la nne, magoti karibu na videvu. Mgeni aliitwa Madame Bijou, kijana, mwenye uso mwema, na hakuna aliyeweza kumchukia. Nyuma yake mezani palikuwa na sambusa na Fanta.

"Uchovu unaanziaka kwa mawazo," alisema. "Tufunge macho. Vuta hewa kama unanusa maua. Sasa toa, kama unazima mushumaa."

Wakanusa. Wakazima. Idrissa akanyoosha mkono.

"Madame, kwa darasa yenye batoto mia, hiyo hewa nani anavuta wa kwanza?"

Walimu wakacheka. Mkuu wa shule alicheka kwa meno tu.

"Papa, ile ni swali ya serikali," Bijou alijibu kwa upole. "Leo tuko na mambo yenye iko mukononi mwetu sisi wenyewe. Kila mutu atafute kitu kimoja kinamupa furaha kwa kazi. Anza weye, papa."

"Kengele ya saa sita."

Sasa walicheka kweli, hadi mwalimu mmoja akatoa machozi. "Munaona?" Bijou akapiga makofi. "Kucheka njo dawa!"

Kisha akasimamisha simu yake juu ya chupa mbili za Fanta, jicho la kamera likielekea mbele, akamwita Noëlla.

"Maman, uko huru kabisa. Sema na roho yako."

Noëlla alisimama mahali aliposimama Idrissa kila siku. Aliona nyuso za wenzake. Karibu na mlango aliona Papa Ezéchiel akigusa mfuko wa shati lake, palipokuwa na kalamu, mara moja, tena mara moja.

"Nimefundisha watoto," alianza, "na watoto wa wale watoto."

Chumba kikanyamaza. Ilibidi kinyamaze ili asikike. Ndani ya kimya kile aliona kwamba angeweza kusema kila kitu. Kitambaa chenye doa kilikuwa mkononi mwake, ilitosha kukikunjua. Wangekiona wote, na simu nayo ingekiona. Akamtazama Idrissa, naye Idrissa akatazama viatu vyake, kwa sababu hakutaka kumchagulia.

Akakumbuka ubao wa Elodie.

"Sijachoka," alisema. "Naamka na furaha. Nikiona watoto, nguvu zinarudi. Mungu ananitosha."

Neno la mwisho lilitoka na pumzi tu. Bijou alikuwa anajifuta macho.

"Munasikia hata sauti yake? Iko inatetemeka juu ya upendo!"

Wakapiga makofi, kwanza mkuu wa shule, kisha wote. Bijou akamfunga kifuani beji ya njano yenye uso unaotabasamu.

Sambusa zilipoanza kuzunguka, Noëlla alimfuata Papa Ezéchiel kwenye baraza, akamwekea karatasi ya daktari mbele. Yeye alikuwa anatazama simu.

"Umeona? Madame amekwisha kutuma video. Bakubwa bote ba mujini banaangalia. Bananipongeza miye!"

Noëlla akagonga kidole juu ya karatasi.

"Ah, ile." Akaitazama kama deni la mtu mwingine. "Maman, sasa nitasaini namna gani? Leo umesema mbele ya kamera hujachoka, nguvu zinarudi. Jumatatu niandike eti ni mugonjwa mwezi muzima? Bataniuliza nani anadanganya, weye ao miye."

Noëlla akafungua mdomo kumkumbusha kiapo. Sauti haikuja. Akajaribu tena, akashika koo kwa mkono.

"Usikasirike. Pumzika kesho, ni siku ya Bwana. Tutaona kwa likizo kubwa."

Noëlla akamwacha, akaenda kwa Bijou, akamkabidhi karatasi. Bijou aliisoma ameshika sambusa. Uso wake ulibadilika. Akamtazama Noëlla kooni, akamtazama mkuu wa shule aliyekuwa anakuja mbio na chupa ya Fanta, akatazama simu yake.

"Pole sana, maman," alisema chini chini. "Pole kabisa. Lakini hii ni ya administration. Sisi kwa administration hatuingiaka, batatufungia mulango." Akaikunja karatasi vizuri, pembe juu ya pembe, akairudisha. "Jaribu chai ya tangawizi."

Jumatatu Noëlla aliamka, akasema "Kwa jina la Baba" ili ajisikie. Hakujisikia. Alijaribu jina lake mwenyewe. Hewa ilipita, basi.

Akaenda kazini. Mtu asiyekwenda ni déserteur.

Idrissa hakuwapo nyuma ya mbao. Mkuu wa shule alikuwa amemwita ofisini tangu asubuhi juu ya maneno yake ya hewa na kengele. Kwa hiyo hakuna aliyegonga. Noëlla akaandika ubaoni: Mama anapika sombe. Akageuka, akaonyesha kwa fimbo neno la kwanza, akafungua mdomo, akalitamka. Halikusikika.

Watoto wa mbele walimtazama. Kila siku waliambiwa warudie mwalimu anavyofanya, bila kuongeza, bila kupunguza. Msichana mmoja akafungua mdomo, akatamka bila sauti. Jirani yake akamtazama, akafanya vile vile. Walidhani ni namna mpya ya kusoma. Ikaenda kutoka dawati hadi dawati, ikawafikia wa katikati, ikawafikia wa nyuma waliokaa chini, waliofurahi kwamba kwa mara ya kwanza hawakukosa kitu.

Fimbo ikahamia neno la pili. Midomo zaidi ya mia ikafunguka pamoja, ikafungika pamoja.

Papa Ezéchiel alikuwa anapita barazani. Akasimama dirishani, akasikiliza. Hapakuwa na kelele hata kidogo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Vile njo darasa," alisema, akamwinulia Noëlla dole gumba, akaendelea na safari yake.

Midomo ya watoto ilibaki wazi, ikingoja neno la tatu.