Khanga ya Bi Shufaa

Katika nyumba moja ya mnada Johannesburg, Bi Shufaa wa Tanga alikuwa akifuta vumbi kwenye bamba la kale la marumaru, lililochongwa mwanamke akikimbizwa na mungu wa Wayunani. Maskini, hakuwa na hata uzi mwilini! Bi Shufaa akamsitiri kwa khanga moja ya ile doti aliyotumiwa na bintiye. Kabla hajaitoa, wateja wakafurika na mnada ukaanza.

"Ubunifu ulioje!" mtaalamu akasifu. Bei ikapaa, hadi tajiri mmoja akalinunua.

"Baba, khanga ni yangu," Bi Shufaa akamwambia. "Nirudishie, tafadhali."

"Eish, gogo!" tajiri akasema, akimwita bibi kwa Kizulu. "Bila kitambaa hiki, hilo ni jiwe tu."

"Lakini khanga huwa mbili, baba. Hiyo ni nusu. Nusu nyingine hii hapa, nimejifunga."

Tajiri akanuna. Akamtazama yule mwanamke wa marumaru, asiye na pua wala mikono, akasema yeye haweki kitu pungufu nyumbani kwake.

Évariste, mlinzi Mkongo, akapanda ngazi, akafungua fundo taratibu, akaikunja khanga vizuri kabla ya kumpa mwenyewe.

"Jifunike, mama. Inje kuko baridi."