Kibanio cha Sikio la Kushoto

"Mama Noela, hivi huyo unayemnyima chakula kakukosea nini?"

Zena aliniuliza hivyo mchana mmoja, amesimama uani kwangu na beseni la mitumba kichwani, wakati mimi nawamwagia kuku ugali wangu. Nikamwambia aende akauze nguo zake. Hakwenda. Zena ni Myao wa Nalasi na mimi ni Mngoni, kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani humfukuzi kwa maneno. Ukimtukana ndiyo kwanza anatafuta kigoda.

Nilikuwa nakula mara moja kwa siku, jioni, nusu sahani. Ijumaa situmii chumvi. Nilianza hivyo baada ya kumzika mume wangu Leonce, na nilikuwa naingia mwaka wa pili. Wakati wa foleni, sukari ya kupimiwa na sabuni ya kukata vipande, nilikula kama watu wengine. Sasa maduka ya Mjimwema yamejaa kila kitu, hata biskuti za Wahindi, na mimi ndiyo nimefunga mdomo. Zena alilicheka sana hilo.

Leonce alifariki Jumapili ambayo ilikuwa zamu ya jumuiya kusali kwetu. Tangu Jumamosi kifua kilikuwa kinambana. Asubuhi aliniambia, na mimi nilikuwa na sufuria mbili motoni na wageni ishirini njiani. Nikamwambia avumilie wageni waondoke. Akavumilia. Akaongoza na wimbo wa mwisho. Wageni wa mwisho walipokuwa wanavaa viatu, alikaa chini kando ya mlango, na hakufika hospitali.

Basi nililipeleka neno lile kitubioni. Padre akaniondolea. Mwezi uliofuata nikalipeleka tena, na mwezi uliofuata. Mara ya saba akashusha pumzi nikaisikia kupitia zile tundu za kitubio, akasema Mungu alikwisha kulisahau, nami nisimkumbushe, na hiyo funga yangu hajaniagiza yeye. Nilitoka nimeudhika. Mtu anapeleka dhambi yake anarudishiwa kama sahani isiyo yake.

Halafu nikaanguka kanisani, wakati wa mageuzo, mbele ya kina mama wote wa WAWATA. Wengine wakadhani nimeshukiwa na Roho. Noela, binti yangu, ndiye aliyejua ni njaa. Wakati huo alikuwa amechaguliwa chuo cha ualimu Mtwara, na barua ilisema wasioripoti ndani ya wiki saba nafasi zao watapewa wengine. Aliisoma barua ile mbele yangu, akaikunja, akasema haendi kokote kuniacha nife peke yangu na kuku wangu. Siku akiniona nakula kama mtu ndipo atakapofunga sanduku.

Nilimwambia aache utoto. Nikaanza kumdanganya. Nikawa napakua sahani nzima, nageuka uani, kuku wanapata. Kuku walinenepa, na Noela hana macho mabovu.

Alinipeleka hospitali ya misheni. Wakapima damu, choo, kifua, wasione kitu. Daktari akaniuliza ninakula nini, Noela akajibu badala yangu, akamweleza kila kitu, hadi Ijumaa bila chumvi. Daktari akaandika karatasi, akatutuma chumba cha mwisho barazani, wanakonyooshewa viungo waliovunjika. Mimi sikuvunjika popote. Nilikwenda nimenuna.

Humo tulimkuta Bwana Makarius, mtu wa makamo mwenye mikono mipana kama ya fundi seremala. Alikuwa amesomea kazi ile ng'ambo miezi kadhaa, akarudi na kimashine kama redio ya mfukoni, kina betri ya mraba na nyaya mbili zinazoishia kwenye kibanio. Alikiloweka kipamba, akanibana sikio la kushoto, hapa kwenye kinundu cha mbele. Akaeleza kwamba pale hupita tawi la mshipa wa fahamu unaoshuka shingoni hadi kwenye moyo na tumbo, na kwamba ukiguswaguswa na umeme mdogo, moyo huenda ukatulia. Akasema wazi kwamba bado wanajaribu, haahidi kitu. Hilo nililipenda. Mengine yote yaliniudhi.

Kilikuwa hakiumi. Kilitembea kama sisimizi aliyepotea njia. Lakini kumbe sisimizi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine nilitakiwa kufumba macho na kumwona mtu anayenipenda, ananitazama kwa upole, halafu niuchukue ule upole nijitazame nao mwenyewe. Nikamwuliza, tangu lini mtu anajihurumia? Kwetu anayejihurumia ni yule ambaye jua linatoka yuko kitandani. Akanijibu kwamba imeandikwa mpende jirani yako kama nafsi yako. Kila anayetaka kunishinda ananiletea Injili, mimi niliyeifundisha kwa watoto wa komunyo ya kwanza miaka kumi na miwili.

Nikafumba macho. Mtu anayenipenda, nikamtafuta Bikira Maria. Kumwona si kazi kwangu. Nimesali rozari tangu sijaota meno ya ukubwani, na sisi tumefundishwa tusisali kwa midomo tu, tulione tendo lenyewe, tusimame pale. Nikamwona. Lakini siku ile ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa ni matendo ya uchungu. Mama wa Mungu akanyanyuka, akaenda, na mimi nyuma yake. Tukapita bustanini, tukafika kwenye mijeledi, taji la miiba, njia yote hadi juu. Makarius alipozima mashine nilikuwa nimelowa machozi na moyo unanidunda kuliko nilivyoingia.

Akaniuliza nimeona nini. Nikamweleza, tendo kwa tendo. Akakiangalia kile kimashine, akaniangalia mimi.

"Mama, nimekuomba mtu wa kukupenda. Wewe umeniletea misumari."

Ijumaa ya pili nikaona bora nimlete Leonce. Alikuja ameshika kifua. Ijumaa ya tatu nikamleta marehemu mama yangu, akanitazama vizuri kidogo, halafu akaniuliza kwa nini nyumba haijafagiliwa. Ijumaa ya nne sikumwona mtu, nilisinzia. Makarius alikuwa mvumilivu, lakini nilimsikia akimwambia nesi barazani kwamba kuna miguu iliyovunjika mara tatu inanyooka kwa haraka kuliko yule mama wa Mjimwema.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Zena alitaka kujua wamenifunga spika ya sikioni au wamenitia alama kama ng'ombe. Noela hakucheka. Alihesabu wiki. Zilibaki mbili, halafu moja. Nilimwomba aende, nikamwamuru, nikamwambia baba yake angekuwa hai asingekubali. Alinijibu kwamba baba yake angekuwa hai mimi ningekuwa nakula. Nikatoka nikalima tuta la viazi lisilohitaji kulimwa.

Ijumaa ya tano ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya muda wa chuo kwisha. Makarius akabana kibanio, akavuta kiti karibu.

"Leo sitaki mtakatifu, sitaki marehemu," akasema. "Niletee mtu aliye hai. Hata yule anayekuchosha."

Nilichoka kubishana. Nikafumba macho, sisimizi akaanza kutembea, na aliyetokea sikumwita. Zena. Amelala chali kwenye mkeka, katikati ya msiba wangu mwenyewe, amevaa kofia ya Leonce.

Ilikuwa kweli. Siku ya pili ya matanga watani walifanya kazi yao kama desturi ilivyo. Zena alichukua kofia ya marehemu, akalala uani, akajifanya Leonce amepelekwa kwa manesi. Akawa anatambaa kinyumenyume, anashikilia mguu wa meza, anasema kwa sauti ileile nzito ya kwaya, "Mimi Leonce siendi, sista ana sindano kama mchi wa kutwangia." Watu walicheka hadi waliokuwa wanalia. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta ndani, khanga kichwani, mlango wazi, nikamchukia kwa roho yangu yote. Nikaliweka jambo lile mahali ambapo sikulifikia tena.

Na sasa niliangalia lote. Kwa maana Zena hakusema uongo. Mwaka walipokuja na chanjo ya kipindupindu Leonce aliruka dirisha la shule, akachana suruali. Jino lilipomvimba aliling'oa kwa koleo. Na ile Jumapili, nilipomwambia avumilie, alishusha mabega kama mtu aliyepewa likizo, akasema nisimwambie mtu yeyote asije akapelekwa. Hayo nayo yalisemwa jikoni mwangu, asubuhi ileile. Kitubioni sikuwahi kuyataja, kwa kuwa hayakuwa dhambi zangu, na kwa muda wote ule nikawa namkumbuka kama mtu aliyenyamaza.

Pale mkekani Zena akavua ile kofia. Alikuwa amelowa jasho, macho mekundu, maana Leonce alikuwa mtani wake naye na alimpenda. Akatazama ndani kwa kupitia mlango wazi. Nikafuata macho yake, nikamwona aliyekuwa anatazamwa. Mwanamke ameegemea ukuta, mifupa ya shingo imetoka, kikombe cha chai kimepoa mbele yake. Kama ningemkuta mwanamke yule nyumba ya jirani nisingemwuliza amefanya nini. Ningekoroga uji, ningekaa naye hadi amalize.

Makarius aliponiuliza nimeona nini nilimwambia nimemwona jirani yangu mmoja Myao, mtu wa kelele. Akauliza kama alinitazama kwa upole. Nikasema ananicheka. Kisha nikasema ndiyo, kwa upole. Akakiondoa kibanio. Sikio lilikuwa limebaki na alama mbili ndogo. Kama ni mshipa au ni Zena aliyenifungua, sijui hadi leo, na Makarius naye alikiri kwamba hajui. Ila niliudhika njia nzima. Watakatifu wote niliowaomba, na anayetumwa ni muuza mitumba.

Kesho yake Jumamosi basi la kwenda Tunduru lilikuwa linaondoka saa nne, na kutoka huko Noela angepata gari la Mtwara. Tiketi nilikuwa nimemkatia mwenyewe bila kumwuliza. Asubuhi nikasonga ugali, nikapika dagaa wa Nyasa na likolo, mboga ya majani ya maboga, nikapakua sahani mbili, nikaketi ndani, mlango wa uani nimeufunga ili kuku wasije wakanisingizia. Zena alikuja kwa desturi yake, akasimama mlango wa mbele na beseni.

Nilikula. Noela hakugusa chake sana. Nilipomaliza aliniambia kwamba nimekula kwa sababu ananiangalia, na kwamba kesho kuku watakula vizuri. Zena akasema kuku wenyewe wameshamchoka Mama Noela, wanataka dagaa wa kukaangwa. Hakuna aliyecheka.

"Noela," nikasema. "Baba yako alikuwa anaogopa sindano. Mimi niliogopa wageni. Asubuhi ile tulikuwa waoga wawili, na mimi nimemlaza njaa mmoja tu, tena aliyebaki. Nimechoka kumlaza njaa. Sitaki tena."

Alinitazama kama anayetafuta mahali penye kiraka. Kisha akaingia chumbani, akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda, na nikamsikia anatoa nguo badala ya kuzipanga. Nikajisemea basi, imeshindikana, mtoto amerithi ubishi wangu na woga wa baba yake. Nikawa namlalamikia Zena. Nikamwambia habari ya ada ya chuo, ya padre aliyenichoka, ya Makarius na miguu yake iliyovunjika, ya tiketi niliyoikata, ya watoto wa siku hizi wanaotaka kuapiwa kila kitu. Zena alikuwa ananitazama mikono.

Nilipoinua kichwa Noela amesimama kwenye mlango wa chumba, gauni mbili begani. Sijui alikuwa amesimama tangu lini. Nilitazama walikokuwa wanatazama wote wawili. Sahani ya Noela ilikuwa mbele yangu, haina kitu. Dagaa wamekwisha, likolo limekwisha, na mimi nilikuwa nimevuta na sufuria, nabandua ukoko kwa kijiko, ukoko wa pili au wa tatu umo mdomoni.

"Nini?" nikasema. "Mnaniangalia nini?"

Zena akajiziba mdomo na ncha ya mtandio. Noela akarudi chumbani. Nikasikia nguo zinatupwa sandukuni ovyo, bila kukunjwa, na kufuli likibanwa. Akatoka amelibeba kwa mikono miwili, akainama akanigusisha paji lake la uso begani, akampita Zena mlangoni, na akashika njia ya stendi.