Mama Chloé Akipata Karata Nzuri

Jumapili, kanisa la Wakongo likishatoka na adhana ya magharibi bado, watu watatu walikuwa wamekaa kwenye meza ya plastiki nyuma ya nyumba ya Bi Saida, huko Bertrams, Johannesburg, wakicheza poka kwa maharage. Yalikuwa maharage ya njano, yale yanayoiva upesi. Bi Saida alikuwa ameyachambua mawe kabisa, kwa sababu mchezo ukiisha yanarudi jikoni.

Mpango wa maharage ulikuwa wa mumewe, Bakiri, fundi cherehani wa Tanga. Kamari ni haramu na Bakiri ni mtu wa dini, lakini hajawahi kusikia shehe akimkataza mtu kushinda maharage. Mchezo ukiisha, Bakiri huenda bombani kutia udhu, na anatia udhu taratibu sana siku hiyo. Huku nyuma Bi Saida hubadilisha punje kuwa randi, punje moja randi moja. Bakiri akirudi hukuta fungu lake chini ya chupa ya chai na hamuulizi mtu limetoka wapi. Mwanamume mstaarabu haikagui baraka ndani ya nyumba yake.

Wa pili alikuwa Théodore, mtu wa Lubumbashi, mlinzi wa jengo moja la ghorofa kule Hillbrow, aliyekuwa na uhakika wa mambo yote. Wa tatu alikuwa Victorine, msafishaji wa ofisi huko Midrand, ambaye watu walimwita Mama Chloé kwa jina la binti yake.

Bakiri akagawa. Mama Chloé akafungua karata zake, akaona ree tatu, akanyanyuka. Hakusimama. Alinyanyuka vilevile alivyokaa, magoti yamekunjwa, mkoba uko mapajani, hewa ikapita kati yake na kiti.

Théodore akachungulia chini ya meza, akatupa karata zake.

"Miye naacha," akasema. "Yaya Victorine amepanda."

"Kiasi gani?" Bakiri akauliza.

"Chapati moja."

"Ya maji au ya kusukuma?"

"Ya kusukuma."

Bakiri naye akatupa. Mama Chloé akaokota maharage mawili ya kufungulia mchezo, akashuka. Kuna wachezaji ambao wakipata karata nzuri hukuna pua, wengine hujikausha kama wamefiwa. Kila mtu na kasoro yake. Ya Mama Chloé ilikuwa hiyo, na ilikuwa ikimtia hasara.

Ilimwanza siku alipoamua kuweka akiba ya kuacha kazi na kusafiri. Kutoka Uvira mpaka Johannesburg alikuja ndani ya lori, amelala chini ya turubai kati ya magunia ya vitunguu, Chloé yuko kifuani. Alivuka nchi hii na ile na hakuona hata moja. Ukimuuliza Malawi ikoje, atakuambia inanuka vitunguu. Lakini mahali fulani njiani lori lilisimama, na nje ya turubai watu walikuwa wanacheka. Hakikuwa kicheko cha mlevi mmoja. Walikuwa wengi, wanawake na watoto na wazee wenye kikohozi, wanacheka mpaka wanapungukiwa pumzi, wananyamaza, halafu mmoja anaanza tena na wote wanamfuata. Kisha lori likaondoka.

Miaka yote ya kupiga deki huko Midrand, Mama Chloé alikuwa akijiuliza walikuwa wanacheka nini. Akataka kurudi kwa njia ileile, mchana, kwenye basi, kiti cha dirishani. Ashuke kila mahali apapendapo, aulize. Kisha arudi nyumbani Bertrams asimulie. Pale mtaani watu walikuwa na safari za aina mbili tu, ya kukimbia na ya kutafuta. Safari ya kwenda kutazama halafu ukarudi ilikuwa ya watu wanaojipaka mafuta ya kukinga jua.

Aliyeligundua jambo lenyewe ni Bi Saida, ambaye huona mengi akiwa amewapa watu mgongo. Alikuwa anakuna nazi mlangoni.

"Mama Chloé, mwenzangu. Hizo karata ndizo zinazokunyanyua?"

"Hapana. Karata nzuri inaleta maharage, maharage yananikumbusha safari. Ni ile safari njo inanibeba."

"Sasa lazima uikumbuke ukiwa na karata nzuri tu?"

Mama Chloé alifikiri. "Hapana."

"Basi ikumbuke ukiwa na takataka," akasema Bi Saida, akaendelea na nazi yake.

Jumapili iliyofuata Mama Chloé alipata takataka, karata ambazo hata zingekuwa ndugu zisingejuana. Akazitazama, akawaza turubai na kile kicheko. Akapanda chapati moja, akapanda chapati mbili, akapanda mpaka magoti yakagonga meza kwa chini. Akaongeza maharage kumi. Théodore, aliyekuwa na wafalme wawili, akavitupa vile vifalme bila kubishana. Bakiri naye akatupa zake. Mama Chloé akalaza karata zake mezani wakaziona.



"Sasa huyu anaelea kwa uongo," akasema Bakiri.

"Iko dhambi," akasema Théodore.

"Dhambi ni kuchungulia chini ya meza alikokaa mke wa mtu," akasema Bi Saida kutoka jikoni.

"Yeye ni mjane, Bi Saida."

"Ndiyo mbaya zaidi."

Tangu hapo hawakujua tena lini aelea kwa kweli na lini kwa hila, na Mama Chloé akawa anakwenda nyumbani na fungu nono chini ya kitambaa cha kichwa. Akiba ikapanda, na yeye akapanda nayo. Mwanzo alikuwa akishuka mchezo ukiisha. Baadaye ikawa hashuki mpaka chini. Jumapili walimfunga kwa kitenge kwenye mguu wa meza, na upepo ukivuma kutoka upande wa uwanja wa mpira Bi Saida alimpakatisha kinu. Dereva wa teksi ya Midrand alimtoza nauli ya kiti kizima ingawa hakukigusa. Chloé, aliyesikia Kiswahili chote na kukijibu kwa Kizulu, alimwambia avae suruali. Kazini msimamizi wake, kijana mwenye adabu na funguo nyingi, alimwona akipiga deki korido akiwa juu ya sakafu, akasema angalau hakanyagi palipo na maji.

Akiba ilipotimia, waliokaa mezani walimshauri.

"Kule ofisi ya makaratasi ya wakimbizi," Théodore akasema, "ukienda mikono mitupu wanakufukuza. Minajua. Unaacha kazi kwanza, unanunua tiketi ya basi, ndiyo unaenda nayo mkononi. Wanaona, bon, huyu si mkimbizi tena, huyu ni msafiri. Wanakugongea ruhusa. Binamu yangu wa Durban alifanya hivyo."

"Akasafiri?" Bakiri akauliza.

"Sana."

"Akarudi salama?"

"Yeye tunamngoja."

Mama Chloé akamtazama Théodore, akaangalia alivyokaa wima na sare yake ya ulinzi ilivyopigwa pasi, akamwamini. Sisi watu wa makaratasi tuna ugonjwa huo. Serikali ikitueleza jambo tunasema haijui, mlinzi wa Hillbrow akitueleza tunaandika barua ya kuacha kazi. Akaiandika, akampelekea msimamizi. Akanunua tiketi ya kwenda na kurudi.

Foleni ya ofisi ya makaratasi ilizunguka kona mbili. Mama Chloé alifika kabla jua halijachomoza, akaelea juu kidogo ya vichwa vya watu, mkono mmoja ameshika uzio. Mrundi mmoja akamwambia asijaribu kupita kwa juu, hata huko hewani foleni ni foleni. Mama Chloé akasema hakuwa na nia hiyo, akamshikia mwamvuli.

Karani alisoma karatasi yake ya hifadhi, akainua macho mpaka alipo, akairudia karatasi.

"Unataka kwenda wapi?"

"Kutembea. Mpaka Malawi, labda na mbele kidogo. Halafu narudi."

"Kwenda unaweza," karani akasema. Hakuwa mkali. "Ukivuka mpaka, ombi lako la ukimbizi linakufa. Kurudi ndiko hakupo."

"Niko na tiketi ya kurudi."

Karani akaitazama tiketi pande zote mbili. "Hii ni ruhusa ya basi," akasema.

"Na hilo ombi mtalijibu lini?"

"Linashughulikiwa."

Lilikuwa likishughulikiwa tangu Chloé yuko mgongoni. Sasa Chloé alikuwa anauza vipodozi dukani na kumfundisha mama yake kuvaa. Karani akagonga mhuri wa miezi sita mingine. Kisha, kwa kuwa yuko huko juu, akamwomba aiguse ile taa ya dari inayopepesa. Mama Chloé akaipiga kofi kidogo, ikatulia. Karani akamshukuru, akaita mwingine.

Jumapili walicheza kama kawaida. Théodore alisema binamu yake huenda hakusafiri, huenda alihama tu nyumba. Kampuni ya basi ilikuwa imekataa kurudisha nauli.

"Si uende tu?" Bakiri akauliza, kwa upole, akichanganya karata. "Watu wanaingia kwa njia za panya kila siku."

"Safari ya kwenda bila kurudi naijua, kaka. Ndiyo ile nilikuja nayo." Mama Chloé akapanga maharage yake vifungu vifungu. "Na nikishajua walikuwa wanacheka nini, nitamwambia nani? Nyinyi muko huku."

Bi Saida aliacha sufuria, akatoka, akasimama karibu naye. "Ungeniambia mimi," akasema. "Nami nataka kujua."

"Njo maana."

Walidhani atashuka sasa. Hakushuka. Wala hakupanda. Akabaki palepale, usawa wa paji la uso la mtu mzima, na Bakiri akawa anamgawia karata kwa kunyoosha mkono.

Jumatatu alirudi Midrand kuomba kazi yake. Msimamizi alitoa barua yake kwenye droo, akaichana mbele yake ili ajue hakuna kinyongo. Kisha akampima kwa macho, kutoka viatuni mpaka dari. Akamwuliza kama anaweza kufika juu zaidi akijitahidi. Mama Chloé akasema akiwaza sana anafika. Msimamizi akasema wale vijana wa kamba wanaosafisha vioo kwa nje ni ghali, tena wakiona wingu tu hawaji. Akampa ndoo, kitambaa na mpira wa kukamulia maji.

"Na mshahara?"

"Uleule, mama. Kazi haijabadilika, ni kusafisha."

Vijana wa kamba waliambiwa wasije tena. Mama Chloé akaanza na ghorofa ya chini akipanda, ndoo imefungwa kiunoni, na walinzi wa geti wakazoea kumsalimia sharp akipita juu ya kibanda chao. Huko juu kabisa barabara kuu ilionekana yote, imeshika njia ya kaskazini, magari yanang'aa. Aliitazama kila siku, kwa muda wa kukamua kitambaa, akitaka kujua lile lori jekundu limebeba nini na yule mtu aliyeegesha pembeni anangoja nini.

Siku moja, akiwa kwenye kioo cha ghorofa ya juu, bwana mmoja aliyevaa tai aliinuka kwenye meza yake, akaja dirishani, akamnyooshea kidole. Mama Chloé akamsalimia kwa kichwa. Bwana akatikisa kidole, akagusa kioo. Palikuwa na doa. Mama Chloé akalipangusa. Bwana akagusa tena palepale. Mama Chloé akarusha maji, akasugua, akakamua kwa mpira kutoka juu hadi chini. Bwana akainama, akafunga jicho moja, akaligusa doa kwa ukucha, likatoka kidogo upande wa ndani, aliko yeye.

Akajifuta ukucha kwenye suruali, akarudi kukaa. Mama Chloé akavuta ndoo, akaenda dirisha la pili.