Mstari wa Kumi na Saba

...na kama si upelelezi ni nini, mtu havuti kiti hivihivi mkakaa goti kwa goti, hasa Miwani, mtengeneza programu mgeni, wiki mbili tu katika chumba hiki cha kompyuta cha zahanati, na tangu jana wimbo wake ni maktaba, maktaba, si ya vitabu, ni msimbo wa kompyuta ulioandikwa tayari na wajuzi na kukaguliwa na wengi, wewe unasoma maelekezo kwanza kisha unaiachia ikufanyie kazi, amesema kwa upole, na upole wa namna hiyo una lake jambo, nani amemtuma, meneja?... "Hii uliiandika wewe, dada?" Miwani ameuliza, kidole kwenye kioo, dada mwenyewe anapuliza chai iliyokwisha kupoa, aseme nini, kwamba mwaka jana alipewa siku tatu afunge mafaili ya wagonjwa yasisomwe ovyo, akaingia mtandaoni, akakuta ukurasa wa mtu asiyemjua, akanakili, akabandika, ikafanya kazi, akapongezwa, na pongezi hazikuulizi ulikotoa... kidole kinashuka, mstari wa kumi na tano, wa kumi na sita, ana hila huyu, anajua anachokitafuta, si aseme tu... wa kumi na saba, kimesimama, naye anasoma kwa mara ya kwanza alichokibandika kwa mikono yake, ufunguo wa mafaili yote, nao ni yaleyale maneno ya mfano ya yule mtu wa mtandaoni, badilisha-hapa, hakubadilisha, Mungu wangu, mwaka mzima hakubadilisha, kila aliyepita kwenye ukurasa ule anao ufunguo, na mama mdogo yumo humo, mama mdogo aliyewaficha hata wanawe ugonjwa wake, aliyekuja kutibiwa hapa kwa sababu moja tu, mlango aliofunga mwanangu, alisema, hakuna wa kuufungua... amemshuku meneja, amemshuku Miwani, wiki iliyopita alimshuku hata mfagizi aliyesogeza kompyuta, lakini yule wa kwenye ukurasa, asiye na jina wala sura, huyo hakumshuku hata siku moja, kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii aliivaa mwenyewe... goti la Miwani liko palepale, kidole palepale, pengine hakutumwa na mtu, pengine naye siku moja alibandika, "Dada?" naye anaweka kikombe chini, anaogopa, anaogopa kweli, "Sikuiandika mimi," anasema, "fungua hayo maelekezo ya maktaba yako, tuanze ukurasa wa kwanza," na mkono wake umeshaanza kutafuta simu, mama mdogo aambiwe leo, na aambiwe na yeye.